Friji ya gesi, friza ya kompresa, inveta au kiboksi cha gari: ipi hula uniti chache?

Swali: Ninaishi Kilwa Masoko. Nyumbani ninauza barafu za ukwaju na ubuyu, na jioni ninahifadhi samaki ambao mume wangu hakuwamaliza kuuza. Friza yangu ya zamani imekufa. Sasa nimepata nafasi nne: friza ya mtumba kutoka Ulaya, ile ya kufungulia juu, friji mpya ya kusimama yenye inveta, friji ya gesi ya kupikia ambayo nyumba moja ya wageni inaiuza kwa bei ya kutupa, na muuzaji anasema haigusi umeme hata kidogo, na kiboksi cha baridi cha kuchomeka kwenye gari, ambacho mpwa wangu anakisifu kwa sababu kinakula wati 50 tu. Kwa siku ninagandisha kama lita 10 za juisi, na samaki wanaobaki ni kama kilo 5. Ipi itanipa gharama ndogo ya nishati?

Jibu: Dada yangu, nunua friza ya kufungulia juu yenye kompresa, ila usikubali hiyo ya mtumba kabla hujaipima kwa namna nitakayokueleza mbele. Friji ya gesi iache, na kiboksi cha gari kiache kabisa. Friji ya inveta, yaani ile ambayo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima, ni mashine nzuri, lakini kazi uliyonitajia si kazi yake. Naomba unifuate polepole katika sababu, kwa kuwa siku nyingine utaletewa mashine ya tano ambayo hatukuizungumza hapa, na utahitaji kuipima mwenyewe.

Friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kulichota joto lililo ndani ya sanduku na kulimwaga nje, nyuma au ubavuni, pale ambapo ukipagusa unapasikia pana moto. Joto kwa asili yake huteremka kutoka penye moto kwenda penye ubaridi, kama maji yanavyofuata mteremko, na kulipandisha kinyume chake ni sawa na kuvuta maji kisimani: kadiri kisima kinavyokuwa kirefu ndivyo mkono unavyochoka zaidi kwa ndoo ileile moja. Kina cha kisima hapa ni tofauti kati ya ubaridi unaoutaka ndani na joto la chumba chako. Kutokana na kazi aliyoichapisha Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824, wanafizikia waliomfuata walipata hesabu ya kikomo ambacho hakuna mashine itakayokivuka. Katika chumba chenye nyuzi 32, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri haiwezi kuhamisha zaidi ya uniti 5 hivi za joto kwa kila uniti moja ya nishati inayoila, ilhali friji ya kawaida ya nyuzi 4 juu ya sifuri ingeweza kukaribia 10. Uniti hapa ni ileile ya LUKU, yaani kilowati-saa moja, ila ninaipimia joto pia. Hicho ni kikomo cha kwenye karatasi. Ninachokiita ufanisi katika jibu hili ni ile namba halisi, yaani uniti ngapi za joto zinatoka kwa kila uniti moja ya nishati iliyoingia, na namba hiyo ndiyo inayozitenganisha mashine zako nne.

Friza ndogo ya nyumbani yenye kompresa, katika joto letu la pwani, hutoa kati ya 1.2 na 1.5, mimi nitatumia 1.3 katika hesabu zote. Friji ya gesi au ya mafuta ya taa, ambayo hufanya kazi kwa mfumo wa ufyonzaji, hutoa kama 0.25. Kiboksi cha gari hutoa kama 0.4, tena kwa kazi nyepesi ya kushusha nyuzi 15 au 20 tu, kwa kuwa kugandisha hakiwezi. Ukizitazama namba hizo zikiwa zimepangana hivyo unaona kwamba kompresa inaishinda friji ya gesi mara tano kwa nishati ileile, na pengo hilo si la ubora wa kiwanda wala la umri wa mashine, limo katika namna yenyewe ya kulihamisha joto.

Kompresa ni pampu. Hubana mvuke wa kimiminika fulani, ambacho mafundi wetu hukiita gesi ya friji, mvuke huo ukapata moto na kuumwaga kwenye mabomba ya nje hadi ukawa kimiminika tena. Kisha hupitishwa katika kijibomba chembamba kama unywele mnene, mgandamizo ukashuka ghafla, kikachemka ndani ya mabomba ya sandukuni na kulinyonya joto la samaki wako. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mzunguko huu aliipata Jacob Perkins huko London mwaka 1834. Friji ya ufyonzaji haina pampu ya kubana mvuke. Amonia huyeyushwa katika maji, kisha moto mdogo chini ya mashine huichemsha itoke majini, ikapoa, ikavukizwa ndani ya sanduku na kufyonzwa tena na maji. Ferdinand Carré wa Ufaransa aliitengeneza ya kibiashara kwenye miaka ya 1850, na mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliongeza haidrojeni ndani ya mabomba wakaondoa hata ile pampu ndogo ya kusukuma kimiminika, hivyo mashine ikabaki haina kitu kinachosogea ndani yake. Ndiyo maana iko kimya, na ndiyo maana hoteli nyingi ziliziweka karibu na vitanda vya wageni.

Ukimya huo unalipiwa. Moto lazima uchemshe maji na amonia pamoja, sehemu kubwa ya joto lake ikapotea kwa kuyapasha maji ambayo hayapoozi chochote, na jingine likatoka na moshi. Muuzaji wako hakusema uongo aliposema kwamba friji yake haigusi umeme, ila alinyamaza kuhusu mtungi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya karibu uniti 12.8. Kazi yako ya kila siku, nitakayoihesabu hapa chini, ni kutoa uniti 3.3 za joto. Kwa ufanisi wa 0.25 hizo zinadai uniti 13 za moto, yaani kilo moja ya gesi kwa siku, na mtungi wa kilo 15 unaisha katika wiki mbili. Hata hivyo friji yenyewe haitafika huko, kwa sababu kichomeo chake kimeundwa kutoa wati mia tatu hivi za moto, ambazo ni wati 75 za ubaridi, na wewe unahitaji wastani wa karibu wati 140 usiku na mchana. Itaunguza gesi bila kupumzika na asubuhi juisi yako itakuwa rojorojo.

Wapo wanaoitetea kwa hoja ambayo si ya kipuuzi: kwamba umeme nao hutengenezwa kwa kuchoma gesi mahali fulani, hivyo afadhali uichome mwenyewe nyumbani. Wewe uko Kilwa, na visima vya gesi asilia vya Songo Songo viko baharini mbele yako, kwa hiyo tuipime hoja hii kwa gesi hiyohiyo. Chukua uniti moja ya joto la gesi ya Songo Songo, ipelekwe kwa bomba hadi kwenye mitambo ya Ubungo. Mtambo wa kawaida wa gesi hugeuza kama theluthi moja kuwa umeme, nyaya na transfoma zinakula kama sehemu ya sita ya hiyo theluthi, na kinachofika kwenye soketi ni kama 0.28. Kompresa inakizidisha kwa 1.3 na kupata 0.36. Friji ya ufyonzaji ingepata 0.25 kwa gesi ileile ikichomwa jikoni kwako. Kompresa inashinda hata baada ya safari yote hiyo, na tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ilipoanza kuzalisha mwaka 2024 sehemu kubwa ya umeme wetu haichomi chochote. Friji ya gesi au ya mafuta ya taa ina heshima yake pale ambapo nyaya hazijafika: zahanati nyingi za vijijini zilitunza chanjo kwa mashine hizo kwa miaka mingi, fundi au muuguzi akikata utambi kila asubuhi ili moto usitoe masizi. Siku hizi hata huko friji za sola zimezipiku.

Kiboksi cha gari ni hadithi nyingine, na mpwa wako amenaswa na neno wati. Wati ni kasi ya kula, kama mtu anavyokula tonge moja kwa dakika. Haikwambii atakaa mezani muda gani. Friza yenye kompresa ya wati 120 hufanya kazi, hupumzika, hufanya tena, na ikiwa imejaa vitu vilivyokwisha kuganda inaweza kufanya kazi saa 7 tu kati ya 24. Kiboksi kile hakina kupumzika. Wati 50 kwa saa 24 ni uniti 1.2 kwa siku, na kwa uniti hizo unapata sanduku la lita 25 au 30 lenye soda zilizopoa tu, wakati friza nzuri ya lita 200 ingeweka kila kitu kikavu kama jiwe kwa uniti 0.9. Ndani yake mna kijibamba cha vipande vya nusu kipitishi ambacho, umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Jambo hilo aliligundua Mfaransa Jean Peltier, naye mwaka ni uleule wa 1834 wa hataza ya Perkins. Zimezaliwa pamoja na hazijalingana tangu hapo, kwa sababu kijibamba ni chembamba mno na joto lililovushwa hurudi kinyemela kupitia palepale lilikopita. Katika chumba cha nyuzi 32 kiboksi kitafika nyuzi 12, au 14 kikijazwa. Kwa samaki hiyo ni hatari, usijaribu.

Sasa tufike mahali penye utata, yaani kompresa kwa kompresa. Hapa teknolojia ni moja, lakini mashine mbili zinazofanana sura zinaweza kupishana mara mbili kwa ulaji wa uniti, na ni kwa sababu ambazo muuzaji hazitaji.

Sababu ya kwanza ni ukuta. Niruhusu nikuonyeshe hesabu yako yote kwa pamoja. Friza ya lita 200 hadi 250 ina ngozi ya nje ya kama mita za mraba 2.4. Ukuta wake ukiwa na povu la poliyurethani la sentimita 6, ndani nyuzi 18 chini ya sifuri na nje nyuzi 32, joto linalopenya ni wati 46, yaani uniti 1.1 za joto kwa siku, hata kama hukufungua kifuniko wala kuweka kitu. Juisi: kuitoa lita moja kutoka nyuzi 30 hadi barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni uniti 0.138, nyingi zaidi zikiwa za ule wakati wa kuganda wenyewe ambapo kipimajoto hakisogei. Kwa lita 10 ni uniti 1.4. Samaki kilo 5 ni kama uniti 0.55. Kufungua kifuniko: hata tukichukulia kwamba hewa yote ya ndani inabadilika mara 40 kwa siku, jumla ni uniti 0.3 tu, na zaidi ya nusu ya hizo haitokani na joto la hewa, hutokana na unyevu wa pwani unaogeuka theluji kwenye kuta. Jumla ni uniti 3.3 hivi za joto. Gawa kwa 1.3, upate uniti 2.6 za umeme kwa siku.

Zizidishe kwa siku 30 na utaona kinachoniogopesha: ni karibu uniti 77 kwa mwezi. Kama uko katika kundi la watumiaji wadogo, lile la D1 lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, friza peke yake imekutoa humo kabla hujawasha taa, na bei ya uniti kwako itapanda. Kwa hiyo kwako wewe kuokoa nusu uniti kwa siku kuna thamani kubwa kuliko kwa jirani ambaye tayari yuko katika bei ya juu.

Nusu uniti hiyo iko wapi? Watu wengi wangejibu kwamba iko kwenye kifuniko, wakamgombeza mtoto anayefungua friza ovyo. Hesabu inasema mlango ni kitu kidogo. Mara 40 za kufungua ni sawa na kugandisha lita mbili za maji. Kosa kubwa ni juisi ya moto. Ukwaju uliochemshwa ukiingia na nyuzi 80 badala ya 30 unaongeza zaidi ya theluthi ya kazi yake, na kwa lita 10 hiyo ni karibu nusu uniti ya umeme kwa siku, kando na kwamba mvuke wake unapanda na kuwa theluji kwenye kuta. Uache upoe kwenye sinia lenye maji, kisha uingie friza jioni sana, wakati chumba nacho kimepoa na kisima chetu kimepungua kina. Kila nyuzi moja inayopungua pale friza inapomwaga joto lake inaokoa kama asilimia 2 hadi 3 ya umeme, kwa hiyo kuihamisha friza kutoka ukuta unaopigwa na jua la saa tisa kwenda upande wa pili wa chumba kunaweza kukupa zaidi ya asilimia 10 bila kutoa shilingi. Friza nyingi za kufungulia juu zimefichiwa mabomba ya moto ndani ya ngozi ya ubavuni, ndiyo maana huoni kitu nyuma. Ukiegemeza magunia ya mchele kwenye ubavu huo, umeifunika blanketi mashine inayojaribu kutoa jasho. Acha nafasi ya kiganja kila upande.

Kuhusu friza ya mtumba, hofu yangu iko kwenye povu. Povu hilo huzuia joto kwa sababu ya vijitundu vyake vilivyojaa gesi, na miaka inavyopita gesi hutoka na unyevu huingia. Niliwahi kufungua ubavu wa friza iliyoletwa kwangu kwa malalamiko kwamba kompresa haipumziki, na nilipolibonyeza povu kwa dole gumba maji yalichuruzika hadi kwenye kiwiko. Mwenyewe alikuwa ameshabadilishiwa kompresa mara mbili. Dalili huonekana nje: iwashe tupu usiku kucha, asubuhi pitisha kiganja taratibu kwenye ngozi yake, joto la ubavuni ni la kawaida kama nilivyosema, lakini ukikuta sehemu iliyolowa umande na ubaridi, hasa kwenye pembe za chini, ujue povu la hapo limekufa na hakuna fundi wa kulifufua. Halafu bana noti au kipande cha karatasi kati ya kifuniko na mpira wake, uivute: ikichomoka bila kukataa popote, mpira umelegea, ila huo hubadilishwa kwa bei ndogo. Nyuma ya mashine kuna kibandiko. Soma herufi za daraja la hali ya hewa. N ni mashine iliyoundwa kwa vyumba vya hadi nyuzi 32, ST hadi 38 na T hadi 43. Kwa chumba chenye bati Kilwa mwezi wa pili, N peke yake usichukue.

Kibandiko cha rangi cha Ulaya nacho kina mtego. Hadi mwisho wa Februari 2021 kilikuwa na A zenye alama nyingi za kujumlisha, kisha kuanzia tarehe 1 Machi 2021 kikarudishwa kuwa A hadi G tu kwa kipimo kikali zaidi, hivyo friza ya zamani iliyoandikwa A+ kwa fahari ingeangukia F au G leo. Isome namba ya uniti kwa mwaka badala ya herufi. Nayo ile ya zamani ilipimwa katika chumba cha nyuzi 25, bila kufungua kifuniko. Ukiikuta imeandikwa uniti 240 kwa mwaka, hiyo ni 0.66 kwa siku huko ilikopimwa, na Kilwa itakuwa karibu 0.9, kwa sababu joto linapenya zaidi na kompresa nayo inavuta kutoka kisima kirefu zaidi.

Angalia pia aina ya gesi iliyomo. R134a ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi, na ndiyo miongoni mwa gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua mjini Kigali Oktoba 2016. R600a, ambayo ni isobutani, iko kwenye 3 hivi, tena kompresa zake hufanya kazi kwa utulivu na ufanisi mzuri kidogo. Isobutani huwaka, lakini friza ya nyumbani hubeba makumi machache tu ya gramu. Sharti ni moja: fundi asije akajaza R134a kwenye mashine ya R600a kwa sababu ndiyo aliyo nayo kwenye begi. Itagandisha kidogo, itakula umeme mwingi, na kompresa haitadumu.

Inveta nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana ndiyo inayotangazwa kwa sauti kubwa. Kompresa ya kawaida hujua mambo mawili, kuwaka na kuzima, na kila inapowaka huchukua mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida na kupoteza dakika za kwanza kusawazisha migandamizo. Kompresa ya inveta hupunguza mwendo badala ya kuzima, na ikienda polepole mabomba yake ya kumwaga joto yanakuwa makubwa kuliko kazi, kwa hiyo ufanisi hupanda. Akiba ya robo ya umeme si ajabu kwa familia inayoweka maziwa na mabaki ya wali. Lakini akiba hiyo hupatikana pale mashine inapokuwa na kazi ndogo, na wewe unailetea kazi kubwa kila jioni. Itakimbia kwa mwendo wa juu usiku wote kama kompresa nyingine yoyote. Isitoshe, friji za kusimama za aina hiyo kwa kawaida zina sehemu ya kugandisha yenye uwezo wa kilo 3 hadi 5 kwa saa 24, na hujiyeyushia theluji kwa hita, yaani zinakula umeme kupasha joto ndani ya sanduku ambalo zimetoka kulipooza. Wewe una kilo 15. Tafuta kwenye kibandiko cha friza yoyote namba hiyo ya kilo kwa saa 24. Ikiwa chini ya 15, utalazimika kugandisha kwa zamu. Ukipata friza ya kufungulia juu yenye inveta, T na R600a kwa bei unayoimudu, hiyo ndiyo ya kwanza katika orodha yangu, mradi uiwekee kilinda umeme, kwa kuwa ubao wake wa elektroniki haupendi umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na ukiungua bei yake inaweza kumeza akiba ya miaka miwili.

Mambo mawili madogo ambayo hukuyauliza. Kiwanda kikubwa cha barafu cha amonia katika nchi za joto hutumia kati ya uniti 55 na 70 kwa tani ya barafu ya mabonge, yaani kama 0.06 kwa kilo, wakati wewe nyumbani unatumia zaidi ya 0.1 kwa kilo kabla ya kuhesabu ukuta. Kwa samaki wanaolala usiku mmoja tu kisha wakaenda sokoni, bonge la barafu la kununua ndani ya kasha lenye povu nene ni rahisi kuliko kuwagandisha, na samaki wa barafu hana ngozi iliyokauka. Wagandishe wale wa kukaa siku tatu na kuendelea. La pili ni mtungi wa maji ya kunywa, ambao hupoza bila uniti hata moja kwa maji yanayovukia kwenye udongo wake. Dodoma wakati wa kiangazi hushusha nyuzi 8 au 9, lakini kwenye hewa nzito ya Kilwa hupati zaidi ya 3, kwa hiyo usiuhesabie ubuyu.

Ikishafika nyumbani, ipime. Iache siku mbili izoee, kisha siku ya tatu saa moja jioni andika namba ya uniti zilizobaki kwenye LUKU, na uzime vingine vyote kwa muda utakaoweza. Saa moja asubuhi andika tena. Tofauti hiyo, ukiwa umeweka juisi yako ya kawaida iliyopoa bila samaki, isizidi uniti 1.5 kwa saa hizo 12, kwa kuwa usiku ndio unaobeba kazi ya kugandisha. Ikifika 2, anza na mpira wa kifuniko, kisha theluji ya kwenye kuta: ile laini imejaa hewa iliyofungwa inayozuia joto lisifike kwenye mabomba, na ikizidi unene wa nusu sentimita iyeyushe kwa sufuria la maji ya vuguvugu lililowekwa ndani, kifuniko kikiwa kimefungwa na umeme umezimwa. Usiikwangue kwa kisu. Bomba la baridi liko milimita moja nyuma ya bati hilo, na tundu la ncha ya kisu ndilo lililoua friza nyingi zaidi ya umeme mbovu katika zile nilizoletewa.